Kuni za Chiriku

6 Januari 1988

Fundi, mdogo wangu,

Leo natimiza miaka thelathini na miwili tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Nilipoondoka, wewe sharubu ndiyo kwanza zilikuwa zinachipua na ulikuwa huachi kujitazama kwenye kioo cha Mama. Chiriku alikuwa darasa la kwanza, na mdomo wake ulikuwa haufungi hata akilala.

Sababu iliyonikimbiza imekufa, na walionitafuta wengi wao wamekufa pia. Kilichobaki kunishika huku ni kazi, na kazi yenyewe imekwisha mwezi uliopita. Nimestaafu. Walinipa keki na saa ya ukutani, wakapiga makofi, wakarudi kwenye meza zao. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa moja: mtu analeta kipande cha mti, hakina jani wala ganda wala ua, nami nasema ni mti gani. Wameniruhusu kwenda maabara kila nikitaka, kwa kuwa kijana aliyechukua nafasi yangu bado anauogopa wembe.

Naishi katika chumba juu ya duka la kutengeneza baiskeli. Asubuhi naamshwa na nyundo, jioni nasikia mwenye duka akigombana na mkewe kwa lugha ninayoielewa vizuri kuliko ninavyopenda. Nataka kurudi. Siulizii shamba, siulizii urithi. Nataka chumba kimoja katika nyumba ya Mama, chenye dirisha, nitie kitanda, meza na vitabu vyangu. Wewe ndiye mwanamume uliyebaki hapo. Neno lako ndilo linalosikika. Niangalizie.

Msalimie Mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Salamu kwa shemeji na kwa Chiriku.

Kaka yako


2 Februari 1988

Kaka mkubwa, Profesa wetu,

Barua imefika, nimemsomea Mama. Alilia, akacheka, akauliza kama bado unakula umesimama kama farasi. Nikamwambia watu waliosoma hukaa.

Sasa kuhusu chumba. Kaka, sikufichi, nyumba imejaa pomoni. Mimi na shemeji yako na watoto tumebanana huku mbele. Nyuma kuna vyumba viwili. Kimoja cha Mama. Kile cha mwisho, chenye dirisha la upande wa jua la asubuhi, yumo Chiriku tangu aachwe na mumewe, yeye na cherehani yake na vitambaa vya watu. Hicho ndicho kingekufaa. Lakini nitamwambiaje mtu ondoka bila sababu? Watu wa hapa unawajua, midomo yao haina likizo. Niachie. Mimi ni fundi, mlango ukikaza huwa sivunji, natafuta unapokamatia.

Mama macho yamechoka. Utu uzima tu. Chiriku anampikia pale nyuma kwa kuni, moshi usiseme.

Na sasa mchezo. Mama anasema kama kweli hiyo ndiyo kazi yako, basi tukupime. Nakutumia vipande vitatu vya kuni, nimevitoa kwenye furushi la Chiriku. Taja miti. Ukikosea hata kimoja, hatutakuita Profesa tena, tutakuita kama zamani, Masikio.

Mdogo wako, Fundi


27 Februari 1988

Fundi,

Umenichekesha peke yangu mpaka mwenye baiskeli akapiga dari kwa fimbo. Wewe mwenye karakana, unayelala na kuamka na mbao, unaniuliza mimi miti?

Haya. Nilivipeleka vyote maabara. Ncha ya kila kipande nilikata kwa wembe mpya, nikailowesha kwa mate (kitu ambacho kwenye vitabu hakiandikwi lakini sote tunafanya), nikaitazama kwa lenzi. Cha kwanza ni mkaratusi: vitundu vyake vimekaa kimoja kimoja, vikipanda mshazari kama watu wanaokwea kilima. Cha pili mgunga, kila kitundu kina kikombe cheupe kukizunguka. Cha tatu mvinje. Ule hauna kazi kuutambua, miale yake ni mipana, kama kuta za chungwa lililokatwa. Miale ndiyo ile mistari itokayo moyoni mwa mti kwenda kwenye ganda. Vyote ni vijitawi vya kuokotwa, vilivyokatwa kwa panga butu. Mwambie Chiriku anoe.

Nimekaa navyo mezani wiki nzima baada ya kazi kwisha. Kipande cha mgunga bado kina harufu.

Macho ya Mama usiyaachie utu uzima. Mpeleke kwa daktari wa macho. Na chumba je?

Masikio hakukosea.

Kaka yako


25 Machi 1988

Profesa,

Umepasua mtihani! Mama amecheka mpaka akakohoa.

Nilikwambia mimi ni fundi, ukajifanya hukusikia: mimi mti naujua ukiwa mbao. Ukishakuwa kuni, kwangu ni kuni. Ndiyo maana nakusumbua tena. Nakutumia kipande kimoja tu. Hapa kuna ubishi wa majirani, mmoja anasema hivi, mwingine vile, na mimi nimewaambia kakangu atamaliza maneno. Sasa wao ni watu wa karatasi. Kwa hiyo niandikie karatasi ya peke yake, mbali na barua yetu, fupi, yenye jina lako, kazi yako na ule mhuri wa maabara kama wanakuruhusu. Uandike mti gani, na moshi wake una madhara gani kwa mtu, kama yapo. Basi. Usiwachoshe kwa vitundu na vikombe.

Mama macho bado. Daktari tutakwenda.

Chumba kinaelekea kuzuri. Anza kufunga vitabu.

Fundi


18 Aprili 1988

Fundi,

Karatasi yako hii hapa, ina mhuri. Kijana wa maabara aliugonga mwenyewe, akaona fahari.

Nimeandika kama ulivyotaka: kwamba kipande nilichopewa ni cha mti ambao kwetu tunauita mliza, na kwamba moshi wake ukimwingia mtu machoni siku baada ya siku, humwumiza na unaweza kumharibia kuona. Vitundu vyake vimepanga foleni, viwili, vitatu, vinne, kimoja nyuma ya mwenzake. Hakuna shaka. Tulipokuwa wadogo Mama alitukataza hata kuuegemea.

Maabara tuna desturi: anayetambua haambiwi kipande kimetoka wapi wala cha nini, asije akauona mti anaotamani kuuona. Nimeizoea desturi hiyo kiasi kwamba hata wewe sikukuuliza ubishi ni wa nini. Lakini kwako wewe naweza kusema jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Kipande hiki si tawi. Miale yake imekaa sambamba kama reli; ya tawi ingetawanyika kama mbavu za mwavuli. Hiki kimetoka kwenye shina pana kuliko kukumbatia kwangu, na kimekatwa kwa msumeno wa mashine. Nani siku hizi anapasua shina la namna hiyo kupata kuni?

Nimeshanunua sanduku la vitabu. Nitakuja mwishoni mwa mwaka, Mwenyezi Mungu akipenda.

Kaka yako


30 Mei 1988

Kaka,

Sikuwahi kukuandikia. Fundi alikuwa akisema barua zako ni za wakubwa. Sasa ninakuandikia, na sijui hata nikuite kaka au nikuite bwana shahidi.

Mapema mwezi huu, siku ya Jumapili, Fundi aliwaita watu. Baba Mdogo alikuja, majirani wote wa mtaa wetu wakaja, viti vikaazimwa. Mimi nilikuwa jikoni, nikadhani kuna posa ya mtoto wake, nikaanza kuchemsha chai. Nikaitwa. Fundi amevaa koti, karatasi mkononi. Akasema, "Mama yetu haoni tena. Tumejiuliza kwa nini. Mimi sikutaka kumtuhumu mtu, nikatuma kuni za jikoni ng'ambo kwa mtaalamu. Na mtaalamu mwenyewe ni mtoto wa tumbo moja nasi." Akasoma. Kufika kwenye neno mliza, wifi, mkewe, akapiga ukelele. Aliupiga kabla neno halijaisha, nafikiri walipanga, akawahi.

Nikasema, "Mliza nimeukata wapi mimi? Hata mtoto anaujua mliza."

Fundi akasema, "Kwa hiyo Kaka mwongo? Kaka aliyesoma mpaka nywele zikamkimbia?"

Watu wakacheka. Pale pale, wakacheka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akauliza, "Ni yeye kweli kaandika?" Fundi akamshika kidole, akakipitisha juu ya mhuri, taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma. Mama akasema, "Basi."

Hilo tu. Basi. Miaka kumi na mmoja nimemwosha, nimemlisha, nimemchana nywele, nimemfungulia mlango wa choo. Ukaja mhuri wako.

Jioni ile nilitolewa na cherehani yangu. Nimepanga chumba nyuma ya dobi, ukuta unavuja, vitambaa vya wateja vinapata ukungu. Getini nimekatazwa. Wateja wangu nao wameanza kuniletea nguo kwa kumtuma mtu mwingine, wao wenyewe hawaji.

Nimekuandikia uniambie jambo moja. Nilikufanya nini?

Chiriku


22 Juni 1988

Chiriku, mdogo wangu,

Hukunifanya kitu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi sakafuni, kiti kilikuwa mbali.

Nilichoandika ni kweli kuhusu kile kipande. Sikujua kuwa kimesemwa kimetoka jikoni kwako. Na hakikutoka jikoni kwako. Wewe unaokota vijitawi na kukata kwa panga. Niliviona vitatu vyako, Fundi aliniletea mwezi wa pili kama mchezo. Hiki cha nne ni shina la mti mkubwa, la msumeno. Nilimwandikia Fundi hayo katika barua niliyofungasha na ile karatasi. Hakuyasoma mbele za watu, bila shaka.

Nataka kuliweka sawa, na nataka liwe na ushahidi ambao hakuna atakayeuchezea. Kama kuna kuni zako zimebaki jikoni, hata zikiwa mkaa, nitumie. Mti ulioungua unatambulika vizuri tu, moto haufuti vitundu. Nitumie chochote.

Na uniambie ukweli wa macho ya Mama. Yalianza lini? Daktari alisemaje?

Nisamehe kwa yale ambayo sikuuliza.

Kaka yako


22 Juni 1988

Fundi,

Kile kipande ulikitoa wapi? Nijibu kwa posta itakayofuata.

Kaka yako


17 Julai 1988

Kaka,

Umeomba kuni. Jumapili ile ile, watu wakiwa bado wanakunywa chai yangu, Fundi alikusanya kuni zangu zote akazichoma uani. "Kwa usalama wa Mama," alisema. Siku ya pili mtoto wake mkubwa, mwenye huruma kidogo, alinizolea kilichobaki. Nimekutilia humu ndani ya bahasha. Ni majivu. Wewe si bingwa? Tambua.

Umeuliza macho. Yalianza miaka mitatu iliyopita. Aliona duara kwenye taa, kisha akawa anagonga milango kwa upande wa kushoto. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akasema ni presha ya ndani ya jicho, akaandika tumpeleke hospitali kubwa upesi, inazuilika ikiwahiwa. Fundi ndiye mwenye gari. Nilimwomba. "Wiki ijayo." Nilimwomba tena. "Nina madawati ya shule, wanayataka." Siku niliyomkemea akaniambia, "We mwanamke uliyeshindwa kukaa kwa mume, utanifundisha kutunza mama?" Mwaka huu mwezi wa kwanza jicho la pili likafunga. Watu wakaanza kumuuliza Fundi, imekuwaje? Ndipo barua yako ya kutaka chumba ikafika. Uone alivyobahatika, kwa jiwe moja kapata ndege wawili na wewe ndiye uliyemshikia manati.

Hujaniuliza Mama anaendeleaje. Wifi anamlisha mara moja kwa siku ili asisumbue kwenda chooni. Haya nayajua kwa huyo mtoto.

Chiriku


24 Julai 1988

Kaka,

Posta iliyofuata ndiyo hii, kwa hiyo usininyooshee kidole kama nimekuwa karani wako.

Swali lako la mwezi wa nne lilikuwa zuri. Nani anapasua shina kama lile kupata kuni? Nililisoma, nikangoja ulirudie. Hukulirudia. Ukaandika kuhusu sanduku la vitabu.

Ule mti ulikuwa nyuma ya karakana. Niliuangusha mwaka juzi, ukawa hauna mnunuzi, kumbe ulikuwa na kazi yake. Mimi niliutambua kabla haujazaliwa mhuri wako, Kaka. Ujuzi sikuwa na haja nao. Haja yangu ilikuwa jina lako, kwa sababu hapa jina langu watu wamelizoea, na lako halijawahi kukaa karibu nao likawachosha.

Ulitaka chumba. Nilikuandikia wazi kwamba siwezi kumtoa mtu bila sababu. Sababu umeiandika wewe, kwa mwandiko mzuri. Chiriku hana mume, hana mtoto. Jina likimchafuka halimharibii mtu mwingine. Mimi nina mabinti wa kuoza.

Nakuandikia haya kwa uwazi maana najua hutamwonyesha mtu. Ukimwonyesha, utalala wapi ukija?

Chumba nimekipaka rangi nyeupe. Nimekutengenezea meza ya mninga, miguu minne imara, na rafu ya ukuta mzima. Shemeji yako ameshona pazia. Mama anauliza kila siku, "Anakuja lini yule aliyenifumbulia jambo hili?" Usimkawize, hali yake si nzuri.

Mdogo wako anayekupenda, Fundi


16 Agosti 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe mkubwa uliyebaki upande wa baba, na kwa kuwa ulikuwapo siku karatasi yangu iliposomwa.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha mliza, kile kile, na ncha nimeilainisha kwa wembe. Nakuomba ukate tawi lolote kwenye ua wa nyumba yako, nene kama kifundo cha mkono wako, ulilaze karibu yake. Huhitaji lenzi, tumia miwani yako ya kusomea. Kwenye tawi lako utaona mistari inaanzia kati na kutawanyika pande zote. Kwenye kipande hiki inakwenda pamoja bila kuachana. Hakuna tawi linaloweza kuwa hivyo. Hili ni pande la mti ambao mwanamke hawezi kuuangusha kwa panga wala kuubeba kichwani. Halikutoka jikoni kwa Chiriku.

Cha pili ni barua ya Fundi ya tarehe 24 Julai. Anasema humo kwamba sitaionyesha. Isome, kisha uisome mbele ya wale wale waliokuwapo, kwenye viti vile vile. Na kabla ya yote, mfikie Mama, umwambie mwenyewe kwamba mimi ndiye ninayesema Chiriku hana kosa. Atakuamini ukimwambia limetoka kwangu. Ndivyo alivyoamini lile la kwanza.

Tafadhali usikawie. Mama halishwi vizuri.

Mwanao


9 Oktoba 1988

Kaka,

Mama amefariki tarehe 29 Agosti. Kifurushi chako kilifika kwa Baba Mdogo tarehe 3 Septemba.

Nitakuambia yote, usije ukasema hukuambiwa.

Nilipata habari kwa dobi. Nikaenda mbio. Getini wifi akasimama na mikono kiunoni. Nikamwambia, "Nataka kumwosha mama yangu." Akasema, "Mama mwenyewe alisema aliyemtoa macho asimguse." Nikasema ni uongo. Akamwita mtoto, yule mwenye huruma, akamwuliza mbele yangu, "Bibi alisema hakusema?" Mtoto akatazama chini. Akasema, "Alisema."

Kwa hiyo ni kweli alisema. Nilitaka sana uwe uongo wa wifi.

Walimwosha wanawake ambao hawajui kwamba bega lake la kulia halinyooki. Nilisikia kutoka barabarani wakisema, "Mbona amekaza huyu?" Nikapiga kelele kutoka nje, "Msilivute! Anzeni na mkono wa kushoto!" Mtu akaja akafunga dirisha.

Baada ya arobaini kupita, jana, Baba Mdogo akawaita watu. Mimi nikaruhusiwa getini, nikapewa kiti karibu na mlango. Aliweka kile kipande na tawi la ua wake juu ya meza. Watu wakapita mmoja mmoja wakitazama, kama wanatazama vitu vya mnada. Wakaona. Kila mtu aliona, hata mzee mmoja jirani mwenye jicho moja. Barua ya Fundi, uliyoifunga pamoja na kipande, alikuwa nayo mkononi, hakuisoma. Nilimwuliza baadaye. Akasema, "Mwanangu, Fundi ndiye aliyetoa jeneza, na ndiye anayelipia dawa zangu. Ya ndani yabaki ndani." Ameichana.

Fundi akasimama na koti lake lile lile. Unajua alisemaje? "Kumbe Profesa alikosea. Binadamu hukosea, tumsamehe kaka yetu." Watu wakaguna kwa huruma, wakakusamehe. Jirani mmoja akanishika mkono akaniambia, "Pole, ni makosa ya wasomi." Hivyo ndivyo nilivyosafishwa. Chai aliichemsha wifi.

Sasa chumba. Baba Mdogo alisema kwa haki nirudi kwenye chumba changu. Fundi akajibu kwamba kimeshaahidiwa kwako, na vitabu vyako viko njiani, na hawezi kuvunja ahadi ya kaka mkubwa. "Kaka akija, watapatana wenyewe. Asipokuja, Chiriku arudi." Baba Mdogo akaona hilo ni neno la busara, watu wakaitikia. Mimi huku kwa dobi nimeanza kukohoa, na mashine imeshika kutu kwenye mkono wa gurudumu.

Siombi. Nakueleza hali ilivyo.

Na kwa sababu utauliza: sijakusamehe. Nimejaribu mara moja, nikiwa nashona, nikachoma kidole.

Chiriku


4 Novemba 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua hii naomba isomwe yote mbele ya watu, na asomaye awe Chiriku, kwa sauti yake. Ya kwanza ilisomwa nusu na ya pili ikachanwa. Hii nimeiandika mara tatu; nakala moja ni yake na moja ni ya jirani mwenye jicho moja, ambaye simjui ila nimeambiwa aliona vizuri.

Nasikia imesemwa kwamba nilikosea mti. Sikukosea. Kile kipande ni mliza, na Fundi aliyekituma alijua kuwa ni mliza, kwa kuwa aliuangusha mwenyewe nyuma ya karakana yake. Kosa langu ni jingine. Niliona kwamba ni shina, nikauliza mara moja, sikujibiwa, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nataka chumba. Wanaotaka kunisamehe wanisamehe hilo, na wasinisamehe kwa haraka.

Macho ya Mama yaliharibiwa na presha ya jicho. Muuguzi alisema awahishwe. Chiriku aliomba, Fundi hakumpeleka. Haya nimeambiwa na Chiriku, na Fundi ana nafasi ya kuyakanusha papo hapo, akiwa amesimama, na watu wakimtazama usoni.

Fundi, meza ya mninga umesema ni imara, naamini. Kazi yako siku zote ilikuwa nzuri. Mpe Chiriku akatie vitambaa vyake. Rafu nayo itamfaa kwa marobota. Pazia shemeji alichukue, au aliache, kama moyo utakavyomtuma.

Chiriku, ule uwezo niliokuwa nao wa kukutetea niliutumia vibaya na kwa kuchelewa. Mama alikwenda akiamini neno langu, na hilo hakuna karatasi itakayolifikia. Sikuandikii unijibu.

Sanduku la vitabu nimelifungua, nimevirudisha ukutani. Mwenye baiskeli amekubali niendelee kukaa hapa juu. Chumba chenye dirisha la asubuhi ni cha Chiriku kuanzia saa barua hii itakaposomwa, bila kungoja mtu. Mimi sirudi.

Mwanao